Namba Iliyotukosesha Kilo ya Sukari

(Hotuba iliyosomwa bwaloni mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze leo, alisema nichague jambo litakalowafaa vijana na lisiwachoshe wazee. Walionitangulia katika mikutano yetu wamekwisha kuzungumza juu ya nidhamu, kilimo na maisha baada ya shule, na wamezungumza vizuri kunishinda. Mimi nimechagua namba moja tu. Naiandika ubaoni hapa nyuma yangu, nayo itabaki pale mpaka nitakapoketi:

4,294,967,297

Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Naona waliokuwa Kidato cha Tatu mwaka 1974 wameanza kucheka. Mmoja wao, aliyeketi mstari wa tatu karibu na dirisha, hacheki. Huyo alikuwa jirani yangu wa dawati, na kwa kweli hotuba hii ni deni lake.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Mwalimu wetu wa hesabu aliingia darasani bila kitabu, akachukua chaki, akatuonyesha mchezo. Anza na 2. Izidishe kwa yenyewe upate 4. 4 kwa 4 ni 16. 16 kwa 16 ni 256. 256 kwa 256 ni 65,536. Hiyo nayo izidishe kwa yenyewe, upate 4,294,967,296. Halafu kila moja iongezee 1. Ubaoni zikabaki namba sita: 3, 5, 17, 257, 65,537, na hii mnayoiona.

Kwa faida ya wale walioiacha hesabu mlangoni siku ya mtihani wa mwisho, nikumbushe kuwa namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. 7 ni tasa. 9 si tasa, maana 3 inaingia mara tatu. Mwalimu akasema, "Tano za kwanza zote ni tasa. Je, ya sita? Fanyeni kazi wawili wawili. Nawapa wiki mbili. Nataka jibu na kazi yake yote. Watakaopata nitawapa kilo moja ya sukari."

Vijana wa leo mtashangaa kwa nini darasa zima lilipiga kelele. Siku zile uji wa asubuhi hapa bwaloni ulikuwa na sukari kwa jina tu. Kilo moja ndani ya sanduku bwenini ilikuwa mali, na mwenye mali hiyo alikuwa na marafiki wengi.

Tulikaa mimi na jirani yangu tukapanga. Kigawo tukikitafuta, si lazima kujaribu kila namba; zatosha zile tasa. Tukaandika orodha ya tasa zote hadi 1,000, nazo ni 168. Yeye akachukua kuanzia 2 hadi 499, jumla 95. Mimi nikachukua kuanzia 503 hadi 997, jumla 73. Wakati ule hatukuwa na mashine ya kuhesabia hata moja shule nzima. Kila moja ilikuwa ni mgawanyo mrefu kwa kalamu, tarakimu kumi, mstari chini ya mstari.

Jirani yangu alifanya zake zote. Nilimwona usiku, kengele ya kulala imekwisha kupigwa, amejikunja pembeni kwenye kibatari anagawanya. Mimi nilifanya 14 za kwanza kwa haki, kuanzia 503 hadi 599. Kisha ikaja mechi ya mpira ya mabweni. Kisha ikaja uchovu wa mechi. Usiku wa Jumapili kabla ya kukusanya, nilikuwa bado na 59. Nikafanya jambo ambalo nimelinyamazia mbele ya mikutano hii miaka yote: nikajaza mabaki ya kubuni. Nilihakikisha kila baki ni dogo kuliko kigawo chake ili lisitiliwe shaka. Nilikuwa mwongo mwangalifu.

Asubuhi jirani yangu aliandika chini ya orodha, "Tumejaribu hadi 1,000, hatukupata kigawo." Nikamwambia hiyo haitatupa sukari. Nikakata, nikaandika, "Namba hii ni tasa."

Mwalimu alipoirudisha kazi yetu, hakuwa na hasira. Aliweka kidole kwenye safu yangu, mbele ya 641. Pale nilikuwa nimeandika: baki 218. Akaniuliza, "Hii 218 umeipata wapi, kijana?" Nikasema nimegawanya. Akanipa chaki.

Nikagawanya mbele ya darasa. Nitarudia hapa, wanafunzi mnifuate. 641 ndani ya 4,294 inaingia mara 6, linabaki 448. Shusha 9: 4,489, mara 7, linabaki 2. Shusha 6: 26, haiingii. Shusha 7: 267, haiingii. Shusha 2: 2,672, mara 4, linabaki 108. Shusha 9: 1,089, mara 1, linabaki 448 tena. Shusha 7 ya mwisho: 4,487. Mara 7. Na mara 7 ya 641 ni 4,487 kamili.

Hakuna baki. Nilisimama pale na chaki mkononi, nikasikia darasa limenyamaza. 641 ilikuwa ya saba tu baada ya pale nilipoacha kufanya kazi. Kama ningegawanya mara saba zaidi kabla ya kwenda mpirani, ile kilo ingekuwa yetu. Mwalimu alikuwa amezikagua 95 za mwenzangu, zote sahihi. Lakini kazi ilikuwa moja, majina mawili, na sukari hatukuipata. Jirani yangu alirudi kuketi akasema neno moja tu, "Haya." Wenye umri wangu mnajua jinsi neno hilo linavyoweza kuwa zito.

Sasa niseme kidogo juu ya namba yenyewe, maana haikustahili kutendwa vile.

Kwanza, hatukuwa wa kwanza kuiita tasa. Pierre de Fermat wa Ufaransa, mwanasheria aliyefanya hesabu kwa mapenzi yake tu, aliandika katika barua zake za mwaka 1640 kwamba anaamini namba zote za mfuatano huu ni tasa. Alikuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa karne yake, na alikosea. Ila alisema wazi kwamba hana uthibitisho. Karibu miaka mia ilipita. Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler kumuuliza juu ya jambo hilo, na mwaka 1732 Euler, kijana wa miaka 25 aliyekuwa akifanya kazi Petersburg, akatoa jibu:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Euler hakugawanya kwa tasa 116 kama ambavyo sisi tungelazimika kufanya kufikia 641. Alitambua kwamba kigawo chochote cha namba hii, kama kipo, lazima kiwe 1 zaidi ya kigawe cha 64. Sababu yake si ngumu. Ukiendelea kuzidisha kwa 2 na kutazama mabaki ya kigawo tasa kama hicho, mabaki yanazunguka na kurudi mwanzo kila baada ya hatua 64. Mzunguko huo lazima uingie sawasawa katika kigawo chenyewe ukitoa 1. Basi katika tasa zote unabaki na 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano ndiyo.

Ipo na njia fupi ya kuhakikisha, ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anaweza kuifanya akisubiri chakula. Badala ya kuzidisha namba kubwa, zidisha mabaki yake. 65,536 ukiigawanya kwa 641 unapata 102, baki 154. 154 kwa 154 ni 23,716. Igawanye kwa 641: mara 36, baki 640. Hilo ndilo baki la 4,294,967,296. Ongeza ile 1 ya mwisho, unapata 641, na baki linakuwa sifuri. Mistari mitatu! Mimi nilitoa jasho ubaoni bila sababu.

Tuipange basi namba yetu mahali pake. Ni witiri. Si tasa, bali ni zao la tasa mbili tofauti. Kwa hiyo vigawo vyake ni vinne tu: 1, 641, 6,700,417, na yenyewe. Wayunani wa kale walipenda kujumlisha vigawo vya namba bila yenyewe. 6 inapata 1 na 2 na 3, jumla 6, nayo wakaiita kamilifu. 12 inapata 16, imezidi. Yetu inapata 6,701,059, hata sehemu ya mia sita yake haifiki. Kwa hiyo ni pungufu, tena pungufu sana.

Ina udugu wa ajabu na wenzake waliotangulia. Zidisha 3 kwa 5 kwa 17 kwa 257 kwa 65,537: unapata 4,294,967,295. Ongeza 2, ndiyo yetu. Kwa hiyo ukiigawanya kwa yeyote kati ya hao watano baki ni 2 daima, na 257 katika orodha ya Euler ungeweza kuifuta bila kugawanya.

Tena ni jumla ya vipeo viwili vya pili, kwa njia mbili. Ya kwanza inaonekana wazi: 65,536 kwa yenyewe, na 1 kwa yenyewe. Ya pili imejificha: 62,264 kwa yenyewe, na 20,449 kwa yenyewe. Jumlisheni jioni mtaona. Namba tasa haiwezi kuwa na njia mbili za namna hiyo. Basi hata asiyeijua 641 angeweza kuikamata kwa ushahidi huu.

Lakini ni mjanja. Mwaka ule ule wa 1640 Fermat aligundua kanuni kwamba, ukiwa na namba tasa, ukachukua 2 na kuipandisha kwa kipeo cha tasa hiyo, kisha ukatoa 2, jibu lazima ligawanyike kwa tasa hiyo. Namba yetu inapita mtihani huo bila kukwaruzika, wala si tasa. Imevaa sare na kupita langoni. Mtihani huo huo ukiufanya kwa 3 badala ya 2, inakamatwa. Fermat alikuwa na mtego mikononi mwake, akautega upande mmoja tu.

Na msidhani ni mambo ya vitabu vya kale peke yake. Ukiondoa 1 kwenye namba yetu unapata idadi ya anwani zote zinazowezekana katika toleo la nne la intaneti, na kwa sababu idadi hiyo haikutosha dunia, ilibidi litengenezwe toleo jingine. Ndugu yake aliyetangulia, 65,537, hutumika sana katika kufunga siri za ujumbe unaopita kwenye mitambo. Carl Friedrich Gauss, akiwa hajafikisha miaka 19, alionyesha mwaka 1796 kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa rula na bikari tu, na siri yake imo katika mfuatano huu huu. Na baada ya 65,537, hadi leo haijaonekana tasa nyingine hata moja ndani yake. Fermat alidhani zote ni tasa. Tunazozijua ni zile tano tu.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nakaribia.

Nimefanya kazi ya ukaguzi wa hesabu miaka 34. Nimeketi katika maghala na maofisi mengi, nikiwa na marundo ya hati mbele yangu na watu wakinisubiri niweke sahihi. Kila mara jioni inapoingia huja ile sauti ya Jumapili usiku: zilizobaki zitakuwa kama hizi, jaza tu. Hati 59 za mwisho zafanana sana na 14 za kwanza. Katika kazi yangu nimejifunza kwamba wanaoficha wizi hawauweki juu ya rundo.

Tangu mwanzo wa kazi nilijiwekea desturi. Chini ya kila karatasi naandika, "Nimekagua kuanzia hati hii hadi hati hii." Siandiki zaidi. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilinitaka niiondoe sentensi hiyo ili taarifa ionekane imekamilika. Sikuiondoa, na cheo nilichokuwa nakitazamia kikaenda kwa mwingine. Sijivunii jambo hilo. Sentensi yenyewe haikuwa yangu. Ni ile aliyoiandika jirani yangu asubuhi ya Jumatatu, "Tumejaribu hadi 1,000, hatukupata kigawo," nami nikaikata.

Wadogo zetu, nawaombeni mtofautishe mambo mawili. Fermat alisema anaamini, akasema hana uthibitisho, akakosea. Kosa lake liliwapa kazi wenye akili kwa miaka mia, na dunia ikafaidika. Mimi niliandika baki ambalo sikulipata. Kosa langu halikumfaidia mtu. Liliharibu tu kazi ya haki ya mtu aliyekesha kwenye kibatari. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kiasi cha namba saba.

Nimalizie kwa kulipa. Nimekuja na kilo moja ya sukari, hii hapa mezani. Jirani yangu, kaka, simama watu wakuone. Asante. Nimechelewa, nisamehe. Hapa nje asubuhi nilimnong'oneza habari ya zawadi hii, akanijibu kwamba daktari amemkataza sukari tangu mwaka juzi. Basi tumeshauriana, naye ameitoa kwa wanafunzi, kwa sharti moja ambalo nalisoma kwa niaba yake.

Namba inayofuata katika mfuatano ni 18,446,744,073,709,551,617. Nayo si tasa. Mwaka 1880 Mfaransa Fortuné Landry aliivunja vipande viwili. Kidogo kati yao ni 274,177. Alikuwa na miaka 82, kwa hiyo wazee wenzangu msikate tamaa. Sharti ni hili: kwa kalamu na karatasi, kwa njia ile ya mabaki niliyowaonyesha, thibitisheni kwamba 274,177 inaigawanya namba hiyo bila baki. Fanyeni wawili wawili. Mwalimu wenu wa hesabu atasahihisha kila mstari. Mtakaoshindwa kufika mwisho, andikeni mlipofika, nanyi mtapata nusu ya sukari. Atakayebuni baki hata moja, mwenzake atapata yote.